Tranka la Bibi na Maneno 12 ya Mdogo Wangu

Mama alikuwa anamenya ndizi za jioni, redio iko dirishani, aliposikia tangazo. Benki Kuu ilikuwa inawakumbusha wananchi kuhusu noti za zamani, zile zilizotolewa kuanzia mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Zingepokelewa na kubadilishwa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, basi. Baada ya hapo hazitakuwa fedha tena. Mama aliweka kisu chini, akajifuta utomvu, akanipigia simu huku Mbeya mjini.

"Mwanangu, lile tranka la bibi yenu."

Bibi alifariki mwaka 2009. Nguo zake nyingi ziligawiwa siku ya kuanua matanga, lakini tranka lake la bati lilibaki uvunguni kwa mama, Tukuyu, na vitu vichache ambavyo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvigusa: vitenge viwili, sweta, Biblia ya Kinyakyusa, vyeti vya ubatizo. Ila mama alimjua mama yake. Bibi alikuwa mtu wa kuficha noti ndani ya nguo.

Jumamosi iliyofuata nilipanda daladala kwenda Tukuyu. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Rungwe isiyojua kukatika. Tulilivuta tranka hadi mlangoni kwenye mwanga, na lilipofunguka ilitoka harufu ya naftalini na moshi wa zamani. Noti zilikuwa ndani ya mkono wa sweta, zimeviringishwa kwa kipande cha kanga. Mpira uliozifunga ulikuwa umeyeyuka ukagandana na karatasi. Tulizibandua moja moja. Jumla zilikuwa shilingi 214,000, na katikati yake kulikuwa na noti 7 za 10,000, zile zenye tembo za mwaka 2003, zimefungwa peke yake kwenye ukurasa wa daftari. Juu ya ukurasa, kwa penseli, liliandikwa jina la mdogo wangu.

Shilingi 70,000. Waliosoma miaka ile wanalijua hilo fungu bila kuambiwa. Ndiyo ilikuwa ada ya mwaka mzima ya bweni katika shule za sekondari za serikali, kabla ada haijafutwa mwaka 2016. Bibi alikuwa ameshamlipia mjukuu wake mwaka mmoja wa shule, akafa kabla ya kusema.

Mama alikaa kitandani, hakusema kitu kwa muda mrefu.

Nilizipeleka kwenye tawi la Benki Kuu hapa Mbeya. Dada wa dirishani alizihesabu kwa utaratibu, akaziweka kando zile zilizokuwa na alama za mpira, akazikagua, akanihesabia noti mpya: shilingi 214,000 kamili. Haikukatwa hata senti. Nilitoka pale nimezishika mkononi nikiwaza kwamba serikali imetimiza ahadi yake yote iliyoandikwa kwenye karatasi zile, na wakati huohuo sehemu kubwa ya alichokiweka bibi haikuwemo tena. Zile 70,000 zilizokuwa mwaka wa shule, chakula na kitanda ndani yake, leo zikimnunulia mtoto wa bweni godoro, hazifiki kwenye shuka na ndoo.

Nafundisha sekondari. Si mchumi. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria swali moja ambalo vijana wa hapa mjini wananiuliza kila wanapojua kwamba niliwahi kuwa na Bitcoin, sarafu ya kwenye kompyuta isiyotolewa na serikali yoyote, moja ya zile wanazoziita kripto: mwalimu, kipi kinatunza thamani, shilingi au kripto? Nimeona niandike ninachokijua, kwa sababu majibu yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp yanatoka kwa watu wanaouza kitu.

Wazee walisema akiba haiozi. Walikuwa wanazungumzia kitu gani, sijui, kwa sababu katika nyanda hizi kila akiba ninayoifahamu inaoza kwa namna yake. Mahindi yanabunguliwa. Ng'ombe anakufa kwa ndigana. Mjomba wangu wa Mafinga ana ekari za mipaina alizopanda akisema ndiyo pensheni yake, na kila ikifika Septemba na Oktoba halali vizuri, kwa sababu moto mmoja wa mtu anayeandaa shamba unaweza kumaliza miaka 12 kwa mchana mmoja. Fedha nayo inaoza. Ila inaoza polepole na kwa utulivu, kiasi kwamba namba juu ya noti inabaki ileile huku kilichomo kinatoka.

Hata lugha yetu imebeba mifupa ya fedha zilizokufa. Tunasema pesa: mwaka 1890 kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu ya shaba iliyoitwa pesa, 64 kwa rupia moja, jina likiwa limetoka kwenye paisa ya Wahindi. Tunasema hela: mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia upya kwa heller 100, na heller ndiyo hela. Tukuyu yenyewe ilikuwa boma lao, wakiliita Neu-Langenburg. Mama yake bibi alizijua rupia. Bibi mwenyewe alizaliwa kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921 na sura ya mfalme wa Uingereza, akaolewa kwenye shilingi hiyo, kisha Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa na shilingi yetu ikaanza. Vizazi viwili vya wanawake wa nyumba moja, fedha tatu za serikali tatu. Rupia imekufa, heller imekufa, na sisi bado tunaulizana, "Una hela?"

Shilingi yetu ilipozaliwa mwaka 1966 dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti kidogo. Mwaka 2025 dola ilikuwa zaidi ya shilingi 2,400. Katikati hapo kuna hadithi ambayo mama anaikumbuka vizuri kuliko mimi, kwa sababu alikuwa msichana. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimaliza fedha za kigeni, mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, mazao yetu yakauzwa kwa bei ya kutupa. Mama anasema kuna wakati tatizo halikuwa kukosa pesa. Pesa ilikuwepo, sabuni haikuwepo. Mwaka 1983 ikaja vita ya uhujumu uchumi, watu wakawa wanamwaga sukari mtoni usiku kwa kuogopa kukutwa nayo. Mwalimu Nyerere alikataa kuishusha thamani shilingi kama Shirika la Fedha la Kimataifa lilivyotaka. Akang'atuka mwaka 1985, akaja Mzee Mwinyi, na Juni 1986 dola ikatoka kwenye shilingi kama 17 hadi 40. Kufikia mwisho wa mwaka 1990 ilikuwa karibu 200. Mfumuko wa bei wa miaka ile ulikuwa unazunguka asilimia 30 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo nusu ya akiba inaondoka kabla ya miaka 3.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu vijana wanaoniambia shilingi ni salama hawajaishi hayo, na vijana wanaoniambia shilingi ni takataka wanazungumza kama vile bado tuko mwaka 1986. Hatuko huko. Kwa miaka kadhaa sasa mfumuko wa bei hapa nchini uko chini ya asilimia 5. Mwaka 2023 ulikuwa asilimia 3.8, mwaka 2024 ukawa 3.1. Kwa kasi ya asilimia 4, akiba iliyolala bila riba inapoteza nusu ya nguvu yake katika miaka 18 hivi. Noti za bibi, ndani ya mkono wa sweta kwa miaka 16, zilioza zaidi ya hapo, kwa sababu katika miaka ya mwanzo kuna wakati mfumuko ulipita asilimia 10. Kama zingetosha kununua hatifungani ya serikali, yaani mkopo unaoipa serikali nayo inakulipa riba kila miezi 6, huenda zingebakiza nguvu yake nyingi. Tatizo la noti zile lilikuwa kulala.

Na kama mtu anataka kuona fedha ya serikali inavyoweza kukatika ghafla, hatuhitaji kwenda mbali. Wafanyabiashara wa Kyela wanaovuka Kasumulu kwenda Malawi wanaikumbuka Novemba 2023, pale Benki Kuu ya Malawi ilipoihamisha dola kutoka kwacha kama 1,180 hadi 1,700. Aliyelala na bunda la kwacha akisubiri gulio aliamka nalo likiwa kamili na limepungua. Mpaka mwingine, Tunduma, watu waliona Zambia ikifuta sifuri tatu kwenye kwacha yake Januari 2013. Nyanda zetu hizi zimekaa katikati ya fedha za serikali tatu na tunazishika zote kwa mikono yetu. Hakuna mtu wa huku anayehitaji kufundishwa kwamba noti ni ahadi ya mtu fulani.

Sasa mdogo wangu. Yeye ni fundi simu, ana fremu Mwanjelwa, na ndiye aliyenifundisha Bitcoin mwaka 2021 kwa kunichorea kwenye boksi la simu. Namheshimu kwa alivyoielewa. Alinieleza kwamba mtu au watu wanaojiita Satoshi Nakamoto walitoa andiko lao Oktoba 31, 2008, na daftari lenyewe, linaloandika nani kamtumia nani ngapi, likaanza Januari 3, 2009. Daftari hilo liko kwenye kompyuta maelfu duniani, kila baada ya dakika kama 10 linaongezewa ukurasa, na anayefanikiwa kuuongeza analipwa sarafu mpya. Malipo hayo hukatwa nusu kila baada ya miaka 4 hivi. Aprili 2024 yalishuka hadi Bitcoin 3.125 kwa ukurasa. Kwa hiyo zitakazowahi kuwepo hazizidi milioni 21. "Dada," aliniambia, "hakuna rais, hakuna gavana, hakuna vita itakayofanya ziwe milioni 22."

Hoja hii ni nzito na sitaki kuipunguza. Mtu ambaye mama yake alikaa foleni ya sabuni ana haki ya kuvutiwa na fedha ambayo hakuna wa kuichapa zaidi. Na dhahabu ya Chunya, iliyowaleta wachimbaji tangu enzi za Waingereza, inathaminiwa kwa sababu hiyohiyo: kuipata ni kazi, na hakuna anayeweza kuiamuru iongezeke. Hata Benki Kuu yetu sasa inanunua dhahabu ya wachimbaji wa ndani kuweka kwenye akiba ya taifa.

Lakini kuwa chache si kutunza thamani. Nililijua hili kwa gharama.

Novemba 2021 kikundi chetu cha VICOBA kilivunja mzunguko, nikapata mgawo wangu, shilingi milioni 2. Bitcoin moja ilikuwa zaidi ya dola 60,000. Kila mtu alikuwa anaisema. Nilinunua kwa zote. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2022, mama alitakiwa kufanyiwa upasuaji, na fedha ilitakiwa wiki ileile. Wiki ileile, huko Bahamas, kampuni ya kubadilishia sarafu hizi iitwayo FTX ilikuwa inaanguka. Iliomba kufilisiwa Novemba 11. Sikuwa na hata senti kwao. Haikunisaidia. Bei ilishuka hadi dola 16,000 na ushei, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali nikitafuta mtu wa kununua kupitia simu. Nilipata shilingi 520,000 hivi. Dola kwa shilingi ilikuwa haijasogea, ni karibu 2,300 mwaka ule na mwaka uliotangulia. Zile milioni 2 zingekaa kwenye akaunti isiyo na riba hata kidogo, zingekuwa milioni 2, na bei za vitu zilikuwa zimepanda karibu asilimia 5 tu. Ndugu walichanga kilichobaki. Mama alipona, Mungu ni mwema.

Naambiwa kila mara: ungesubiri. Ni kweli, Machi 2024 bei ilipita dola 73,000, na Desemba mwaka huohuo ikapita 100,000. Ningekuwa na zaidi ya milioni 3. Lakini upasuaji haukusubiri. Maneno haya ya "ungesubiri" yanasemwa na watu ambao hawana mtu mwingine mgonjwa, au wana fedha nyingine pembeni. Kwa familia nyingi za huku akiba ndiyo ileile ya ugonjwa, ndiyo ya ada, ndiyo ya msiba. Inatakiwa siku isiyochaguliwa. Akiba inayoweza kuwa robo siku unayoihitaji na mara mbili siku usiyoihitaji, kwa mwenye fungu moja tu, haijatunza kitu.

Kuna hesabu nyingine wanayoipenda mtandaoni, nayo inaniudhi kweli: "Bibi yako angeweka ile 70,000 kwenye Bitcoin mwaka 2009..." Mwaka 2009 Bitcoin karibu haikuwa na bei. Mei 22, 2010 mtu mmoja Marekani alilipa Bitcoin 10,000 kwa piza mbili. Na katika wachache walionunua mapema, wengi waliziacha kwenye Mt. Gox, kampuni ya kubadilishia sarafu hizi kule Tokyo, ikaanguka Februari 2014, na walioanza kurejeshewa Bitcoin walisubiri hadi Julai 2024. Bibi yangu hakukosa busara. Alikuwa mwanamke wa Tukuyu mwenye mgomba, chai kidogo na wajukuu, akaweka alichoweza mahali alipoweza kupafikia usiku. Kumpima kwa bei ya leo ya kitu kilichokuwa bado ni zoezi la watu wachache wa kompyuta ni kumdhulumu.

Na ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho mwanzoni sikukitegemea. Bibi na mdogo wangu walikuwa wanatafuta kitu kilekile.

Kwa nini bibi hakwenda benki? Nilimuuliza mama. Alinijibu kwamba bibi hakutaka kumwomba mtu fedha yake mwenyewe. Benki ilikuwa mbali, ilikuwa na fomu, ilikuwa na mtu wa kuuliza unazipeleka wapi. Na nyumbani kulikuwa na shemeji na madeni yao. Mkono wa sweta haukumuuliza kitu. Basi nikamkumbuka mdogo wangu na boksi lake la simu, akinieleza kwa macho yanayong'aa kwamba Bitcoin iliyo kwenye pochi yako mwenyewe, yaani programu ya simu ya kuishikia, haina meneja, haina saa za kufunga, hakuna wa kuizuia. Wote wawili walitaka akiba isiyo na mtu katikati. Na wala si matakwa ya bure: Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki 5 zilizokosa mtaji, mojawapo ikiwa Benki ya Wananchi ya Njombe, jirani zetu hapa. Kiasi kilichokuwa kinakingwa na bima ya amana wakati ule kilikuwa shilingi milioni 1.5 kwa mtu. Aliyekuwa na zaidi alisubiri mali za benki ziuzwe.

Ila akiba isiyo na mtu katikati haina pia mtu wa kumwendea. Julai 2024 mdogo wangu alinipigia saa 3 usiku. Simu yake ilikuwa imeibwa kwenye daladala mchana, na pochi ya Bitcoin ilikuwemo. Hakuwa na wasiwasi mwanzoni, kwa sababu alikuwa na yale maneno 12. Anayefungua pochi hupewa maneno 12 ya Kiingereza kutoka kwenye orodha ya maneno 2,048. Ukiyaingiza kwa mpangilio kwenye simu nyingine, mali yako inarudi. Orodha hiyo ipo pia ya Kifaransa, Kihispania, Kijapani na lugha nyingine chache. Ya Kiswahili haimo. Aliyaandika kwenye daftari, akaingiza yote 12 kwenye simu mpya, na programu ikakataa. Haikusema neno lipi limekosewa. Kila neno ilikuwa inalitambua, ila ikasema kwa pamoja si sahihi.

Nilimkuta ndani ya fremu, mlango umeshushwa nusu, baridi ya Julai imejaa mle ndani, amevaa koti na kofia ya sufi, anaingiza maneno yaleyale kwa mara ya saba. Nilimuuliza aliyaandikaje. Akasema rafiki yake ndiye aliyekuwa anamsomea kutoka kwenye skrini, yeye anaandika. (Hilo peke yake lilinitia hofu: rafiki huyo aliyaona yote.) Nikamwambia basi nisomee na mimi vilevile, kwa sauti. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, makosa ya imla ndiyo kazi yangu. Akasoma. Tulipofika neno la tisa nikamsimamisha. Alikuwa ameandika neno lenye maana ya kuandika. Lakini kwa Kiingereza neno la kuandika na neno la mkono wa kulia hutamkwa sawasawa kabisa, na yote mawili yamo kwenye orodha. Akafuta, akaandika lile la pili.

Pochi ikafunguka. Alilaza paji la uso mezani, katikati ya bisibisi na vioo vya simu, akakaa hivyo.

Baadaye nilisoma kwamba neno la mwisho limebeba alama ya kuhakiki mengine, ndiyo maana kosa lilikataliwa. Alama hiyo ni ndogo: katika makosa 16 ya namna ile, moja hupita, na linalofunguka ni pochi tupu kabisa isiyo ya mtu. Ingetokea hivyo, mdogo wangu angeamini ameibiwa, na hakuna mahali popote duniani ambapo angeweza kwenda na kitambulisho chake kusema, hii ni yangu.

Dirisha ndilo ninalolifikiria sana. Noti za bibi zilikuwa na dirisha, na dada aliyekaa nyuma yake, na sheria iliyomlazimu kunipa 214,000. Dirisha hilo lilifungwa Aprili 5. Juni, tukihamisha kitanda, tuliona noti nyingine ya 500 imenasa kwenye ubao, yenye nyati. Ninayo hapa mezani. Ni picha. Huko kwa mdogo wangu hakuna tarehe ya mwisho. Maneno yale yatafungua pochi ileile mwaka 2040 kama daftari litakuwa bado linaendeshwa. Lakini hakuna dirisha.

Na mtu wa Mbeya anayeshika Bitcoin lazima siku moja apite kwenye dirisha la watu wengine, kwa sababu shule inapokea shilingi, hospitali inapokea shilingi, mamlaka ya kodi inadai shilingi. Hii, kuliko dhahabu yoyote, ndiyo inayoipa shilingi nguvu yake: tunadaiwa kwayo. Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali hapa nchini. Juni 2021 Rais Samia aliitaka benki hiyohiyo ijiandae kwa ajili yake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Naiona hiyo kuwa hali isiyo ya haki kwa vijana wetu: kodi ipo, na anayetapeliwa hana ofisi ya kumsikiliza ambayo kazi yake ni hiyo. Mtu akidhulumiwa na benki anajua pa kuanzia. Huku anaanza na aibu, na wengi wanaishia hapo.

Niseme pia kwa kifupi kuhusu zile sarafu zilizofungwa kwenye dola, hasa USDT, ambazo wanaoagiza mizigo wanazitumia. Ukishika hizo hujaikimbia fedha ya serikali. Umehama kutoka serikali ya Dodoma kwenda ya Washington, na katikati umeweka kampuni. Mei 2022 moja ya aina hiyo, TerraUSD, ambayo haikuwa na dola halisi nyuma yake, iliporomoka ndani ya siku chache. Na mtu yeyote anayekuahidi faida ya kila wiki kwa kulitaja tu jina la kripto, huo ni upatu, mwondokee.

Mimi nimefanya hivi. Fedha ya ada na ya ugonjwa iko kwenye shilingi inayofanya kazi, nyingine hatifungani, nyingine VICOBA. Siiachi ilale. Mwaka 2024 nilinunua tena Bitcoin kidogo, kiasi ambacho mama akiugua kesho sitakiangalia, na nimejiambia nisiiguse miaka 10. Sina imani kwamba itapanda. Ninayo kwa sababu ya foleni za sabuni. Kwa sababu shilingi imewahi kuwa mikononi mwa vita na bei ya mafuta, na watu waliokuwa wanaisimamia walikuwa waadilifu na bado haikupona.

Mdogo wangu naye amebadilika. Aliihamishia mali yake kwenye pochi mpya, maneno mapya, safari hii akaandika mwenyewe kwa kuangalia, herufi kubwa, wino usiofutika. Nakala moja anajua yeye iliko. Ya pili tuliipeleka Tukuyu mwezi Agosti 2025, ndani ya nailoni iliyofungwa kwa moto wa mshumaa.

Mama aliipokea, akaigeuza huku na huku, akauliza, "Na hii wataitangaza lini mwisho wake?"

"Haina mwisho, mama."

"Na ikiliwa na mchwa, naipeleka wapi?"

Mdogo wangu akanitazama. Mama hakusubiri jibu. Alilivuta tranka, akakunjua sweta la bibi, akaisukuma nailoni hadi ndani kabisa ya mkono, kisha akaenda dukani kununua naftalini mpya.